Ardhi Iliyouzwa kwa Ahadi: Mifereji, Reli na Walanguzi wa Viwanja katika Illinois, 1830–1860

Katika historia ya biashara ya ardhi ipo aina moja ya mauzo iliyojirudia katika nchi nyingi na nyakati nyingi, ambayo ndani yake muuzaji huinadi ardhi kwa sura itakayokuwa nayo pindi mfereji, reli au bandari inayosemwa itakapofika, na mnunuzi, ambaye mara nyingi anaishi ng'ambo ya bahari na hajawahi kukanyaga mahali penyewe, hulipa leo bei ya kesho. Jimbo la Illinois, katikati ya Marekani, linafaa kuchunguzwa kwa makini kuhusu jambo hili, kwa kuwa kumbukumbu za mauzo yake kati ya mwaka 1830 na 1860 zimehifadhiwa vizuri, na kwa kuwa ndani ya miaka hiyo thelathini mambo yote yanayoweza kuupata mradi uliotangazwa yalitokea hapo: mfereji mmoja ulichimbwa, mwingine haukuchimbwa kamwe, na reli moja kubwa ilifika ikiwa imechelewa karibu miaka ishirini. Wengi walionunua mapema kwa bei ya uvumi walipoteza fedha zao katika hali zote tatu, na hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba wale waliokuwa na shaka waliielekeza mahali pasipo pake. Waliuliza kama mradi utakuja. Ni wachache sana waliouliza ni nani aliyekwisha kuuza ujio wake, na kwa bei gani.

Imani ya wanunuzi haikuzuka hivi hivi. Mfereji wa Erie, uliochimbwa kati ya mwaka 1817 na 1825 kwa takriban dola milioni 7 ili kuunganisha Mto Hudson na Ziwa Erie kwa njia ya maji yenye urefu wa maili 363, ulishusha gharama ya kusafirisha tani moja ya mizigo kutoka Buffalo hadi jiji la New York kutoka takriban dola 100 hadi chini ya dola 10, na vijiji vilivyokuwa kando yake, kama vile Rochester na Syracuse, vikawa miji katika muda wa kizazi kimoja. Mwenye shamba lililopitiwa na mfereji alitajirika bila kuongeza hata jembe moja. Kwa hiyo mlanguzi wa ardhi, yaani mtu anayenunua ardhi bila nia ya kuilima wala kuijenga, akisubiri tu bei ipande aiuze, hakuhitaji kubuni hadithi yoyote. Ilimtosha kusema kwamba yaliyotokea New York yatatokea tena pale alipoweka vigingi vyake. Uongo wa biashara hii ulijengwa mara nyingi juu ya ukweli wa mahali pengine, na ndiyo maana uliwanasa hata watu wenye akili na elimu.

Mwaka 1827 Bunge la Marekani liliipa Illinois ardhi ya umma kandokando ya njia ya mfereji uliopangwa kuunganisha Ziwa Michigan na Mto Illinois, na kupitia mto huo kuyaunganisha maziwa makuu ya kaskazini na Mto Mississippi hadi Ghuba ya Mexico. Ardhi hiyo ilitolewa kwa vipande vilivyopishana, kimoja cha jimbo na kinachofuata cha serikali kuu, ndani ya maili tano kila upande wa njia. Makamishna wa mfereji walimwajiri mpima ardhi James Thompson, ambaye ramani yake ya mji wa Chicago iliandikishwa tarehe 4 Agosti 1830, wakati mahali hapo palipokuwa na ngome ndogo ya askari na nyumba chache za mbao katika nchi ya kinamasi. Viwanja viliuzwa ili fedha zake ziuchimbe mfereji, na mfereji ndio uliotajwa ili viwanja vinunuliwe. Mzunguko huo, ambamo ahadi yenyewe ndiyo mtaji wa kuitimiza ahadi, ulikuwa halali kabisa kisheria, nao ndio mzizi wa karibu kila kilichofuata.

Haifai kupita bila kusema ardhi hiyo ilikuwa ya nani. Nchi iliyozunguka Chicago ilikuwa ya Wapotawatomi na jamaa zao, ambao kwa mkataba uliotiwa saini hapo Septemba 1833 walilazimika kuachia takriban ekari milioni 5 magharibi ya Ziwa Michigan na kuahidi kuhamia ng'ambo ya Mto Mississippi. Kundi kubwa lao liliondoka mwaka 1835, na mwaka huohuo ofisi ya serikali ya kuuzia ardhi ya umma ilifunguliwa mjini. Bei ya chini ya serikali ilikuwa dola 1 na senti 25 kwa ekari, na ramani zilizochapwa New York kwa ajili ya wanunuzi wa mbali zilionyesha mitaa iliyonyooka na viwanja vyenye namba, pasipo alama yoyote ya watu waliokuwa wametolewa humo juzi tu.

Mji ambao mwaka 1833 ulikuwa na wakazi wapatao 350 ulifikisha watu 4,170 mwaka 1837, na katikati ya miaka hiyo viwanja vyake vilipigwa mnada si Chicago tu bali hata katika jiji la New York, mbele ya watu waliokuwa wakitazama ramani ukutani. Mfano wa William B. Ogden unaeleza hali ilivyokuwa kuliko takwimu. Kijana huyu alitumwa kutoka New York mwaka 1835 kusimamia ardhi ambayo shemeji yake na washirika wake walikuwa wameigharimia takriban dola 100,000, naye alipofika aliikuta imefunikwa na nyasi ndefu na tope lililomzamisha vifundoni, akamwandikia shemeji yake kumwambia kwamba amefanya upumbavu mkubwa. Kisha akaipima, akaigawa viwanja na kuipiga mnada, na baada ya kuuza takriban theluthi moja tu alikuwa amekwisha kurudisha fedha yote iliyotolewa. Ogden hakubadili mawazo yake kuhusu tope. Alichogundua ni kwamba bei haikuhusiana na tope. Miaka miwili baadaye akawa meya wa kwanza wa jiji la Chicago.

Mwandishi Mwingereza Harriet Martineau alifika mjini humo mwaka 1836, wakati mnada wa ardhi ukiendelea, na maelezo aliyoyachapisha mwaka uliofuata katika kitabu chake Society in America yanabaki kuwa miongoni mwa ushahidi makini zaidi kuhusu siku zile. Anasimulia jinsi mtu Mweusi aliyevishwa nguo nyekundu, akishika bendera nyekundu na kupanda farasi mweupe aliyetandikwa matandiko mekundu, alivyozunguka mitaani akitangaza saa za mauzo, na jinsi umati ulivyomkimbilia kila alipofunga hatamu kwenye kona ya mtaa. Wenye maduka waliwaita wageni kutoka milangoni, wakiwapa fursa ya kununua mashamba na viwanja vya kila namna, na mwanasheria mmoja kijana alikuwa akipata dola 500 kwa siku kwa kazi ya kuandika hati za ardhi tu. Martineau hakuishia kwenye kustaajabu. Alilinganisha bei: ardhi isiyolimwa, iliyo kando ya mfereji ambao njia yake ilikuwa haijawekewa hata alama, iliuzwa Chicago kwa bei kubwa kuliko ardhi nzuri iliyokwisha kuendelezwa katika bonde la Mto Mohawk, kando ya Mfereji wa Erie uliokuwa tayari ukijaa mashua za mizigo. Alitabiri pia kwamba anguko likija halitawaumiza wale waliouchochea udanganyifu, kwani hao ndio waliofaidika nao, bali litawaangukia vijana wasio na uzoefu na walowezi wa kawaida.

Katika maandishi yote yanayohusu biashara hii, ulinganisho huo wa Martineau ndio kipimo bora zaidi, kwa sababu hauhitaji mtu ajue kama mradi utakamilika au la. Unamtaka tu aulize bei ya ardhi iliyo kando ya mradi ambao umekwisha kukamilika kwingineko. Ahadi ikiuzwa kwa bei inayozidi ya kitu chenyewe, basi mnunuzi amekwisha kulipia mafanikio yote yanayotarajiwa na kuongeza juu yake, na hakuna faida iliyobaki ya kumngojea hata mambo yakienda kama yalivyotabiriwa.

Mambo hayakwenda hivyo. Viwanja vya mfereji vilivyouzwa mwaka 1836 vilitolewa kwa robo ya bei taslimu, kilichobaki kikilipwa kwa awamu katika miaka iliyofuata, na utaratibu huo ulimwezesha mtu mwenye dola mia chache kujifunga kwa maelfu. Tarehe 11 Julai 1836, wiki moja baada ya sherehe ya kuanza kuuchimba mfereji iliyofanyika tarehe 4 Julai, serikali ya Rais Andrew Jackson iliagiza kwamba malipo ya ardhi ya umma yapokewe kwa dhahabu na fedha tu, na mabenki yaliyokuwa yakichapa noti kwa wingi kuwahudumia wanunuzi wa ardhi yalibanwa; Mei 1837 mabenki ya New York yaliacha kubadilisha noti kwa sarafu, na mtikisiko ukaenea nchi nzima. Thamani ya ardhi ya Chicago, ambayo mwaka 1836 ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 10, ilishuka hadi chini ya dola milioni 2 mwaka 1842. Uchimbaji ulikwama mwanzoni mwa miaka ya 1840 na kuanza tena mwaka 1845 baada ya wakopeshaji, wakiwemo Waingereza, kutoa fedha mpya kwa sharti la kukabidhiwa usimamizi wa mfereji na ardhi yake, na mashua zikaanza kupita mwaka 1848 katika njia ya maili 96.

Mfereji, basi, ulikuja, na Chicago ikawa jiji ambalo hakuna mlanguzi wa mwaka 1836 aliyethubutu kuliota. Hata hivyo mtu aliyenunua kiwanja katika mnada ule, akakosa fedha ya awamu ya pili mwaka 1837, alikuwa amekwisha kunyang'anywa miaka kumi na zaidi kabla ya mashua ya kwanza kupita, na aliyefaidika ni yule aliyekuja na sarafu mkononi mwaka 1842, wakati hakuna tena aliyetaka kusikia habari za mfereji. Wanaosimulia historia ya jiji hilo kama uthibitisho kwamba ardhi iliyo karibu na mradi hailali njaa huwasahau watu hao wa katikati, nao ndio waliokuwa wengi.

Nje ya Chicago hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani huko ilichipuka mamia ya ile inayoitwa miji ya karatasi, yaani miji iliyokuwapo katika ramani tu. Sheria ilitaka ramani ya mji ipimwe na kuandikishwa katika ofisi ya kaunti kabla ya viwanja kuuzwa, na nia yake ilikuwa njema, kuzuia kiwanja kimoja kisiuzwe kwa watu wawili. Lakini mnunuzi wa mbali alipoona muhuri wa mwandikishaji aliudhani kuwa ni muhuri wa ahadi, ilhali ulithibitisha kwamba ramani ipo, basi. Kuhusu bandari iliyochorwa pembezoni mwa ramani hiyo, muhuri haukusema lolote. Kijana Abraham Lincoln, aliyekuwa mpima ardhi kabla ya kuwa mwanasheria, aliupima mwaka 1836 mji uitwao Huron kando ya Mto Sangamon, mahali palipotarajiwa kupitiwa na mfereji wa kwenda Beardstown, na yeye mwenyewe alinunua ekari 47 jirani na hapo. Mfereji ule haukuchimbwa. Huron haukujengwa, na leo hakuna mji wa jina hilo mahali pale. Lincoln alikuwa mtu mwaminifu, aliyeijua ardhi ile kwa miguu yake mwenyewe, na bado aliamini; kwa hiyo si haki kuwaona walionunua kutoka Boston au London kuwa ni wajinga wa pekee.

Lincoln alikuwa pia mbunge wa jimbo alipounga mkono sheria ya tarehe 27 Februari 1837, iliyoamuru Illinois ijenge kwa pamoja zaidi ya maili 1,300 za reli na kutengeneza mito kadhaa, kwa mikopo iliyozidi dola milioni 10, katika jimbo ambalo wakazi wake walikuwa hawajafika nusu milioni. Ili kila mbunge aridhike, kaunti ambazo hazikupitiwa na reli wala mto zilipewa dola 200,000 za kugawana, na iliamriwa kazi ianze kwa wakati mmoja katika miji mikubwa na kwenye vivuko vya mito. Matokeo yake ni kwamba ndani ya miaka miwili vilikuwapo vipande vya matuta ya udongo kila upande wa jimbo, vifupi, visivyounganika na visivyo na chuma juu yake, lakini vinavyoonekana kwa macho. Kwa muuza viwanja hakuna kilichokuwa na thamani kuliko kipande cha namna hiyo, kwa kuwa mnunuzi mwenye shaka angeweza kupelekwa na kuonyeshwa udongo uliochimbwa, akarudi ameridhika. Reli pekee iliyofanya kazi kutokana na mpango ule ilikuwa fupi, kutoka Meredosia hadi Springfield, nayo iliuzwa mwaka 1847 kwa dola 21,100 baada ya kuligharimu jimbo takriban dola milioni 1.

Reli kuu katika sheria ile ilikuwa ya kati, iliyotakiwa kulipasua jimbo kutoka kaskazini hadi kusini na kuanzia mahali panapoitwa Cairo. Hapo ndipo hadithi ya Illinois inapoingia katika mifuko ya watu wa ng'ambo.

Cairo iko kwenye ncha ya kusini kabisa ya jimbo, pale Mto Ohio unapomwaga maji yake katika Mto Mississippi. Mtu anayetazama ramani ataona mara moja mahali pa kujenga jiji kubwa, kwani biashara ya maji ya nusu ya bara ilipita hapo. Mtu anayesimama penyewe ataona rasi nyembamba ya udongo wa chini, inayofunikwa na maji ya mto mmoja au mwingine kila gharika inapokuja. Tofauti kati ya ramani na udongo ndiyo historia nzima ya mji huo. Mwaka 1818 wafanyabiashara wakiongozwa na John Comegys walipata kibali cha kuanzisha mji na benki kwa pamoja, wakikusudia sehemu ya bei ya kila kiwanja ijenge matuta ya kuzuia maji na sehemu iwe mtaji wa benki, lakini kiongozi wao alifariki, ardhi haikulipiwa, ikarudi serikalini.

Jaribio la pili lilikuwa la Darius B. Holbrook kutoka Boston. Mwaka 1836 yeye na wenzake walipata kibali cha kujenga reli ya kati, na mwaka uliofuata walikiachia kibali hicho kwa jimbo kwa makubaliano kwamba reli ianzie Cairo. Papo hapo wakapata kibali kingine, cha kampuni ya Cairo City and Canal Company, ambayo ilimiliki ardhi ya rasi ile. Hesabu yake inastahili kufuatwa polepole. Mzigo wa kuijenga reli uliwekwa mabegani mwa walipa kodi wa Illinois, na ongezeko la thamani ambalo reli ingelileta lilibaki mikononi mwa kampuni. Holbrook hakuuza viwanja kwa wakazi, kwa kuwa alitaka kuishika ardhi yote mpaka bei ifike kileleni. Alikodisha tu, na fedha za kazi alizitafuta London kwa kuuza hati fungani, yaani vyeti vya mkopo ambavyo mwenye navyo huahidiwa riba kila mwaka na kurudishiwa mtaji baadaye, dhamana yake ikiwa ni ardhi ya Cairo.

Kampuni ilimwajiri William Strickland, mmoja wa wasanifu majengo mashuhuri wa Philadelphia, ambaye mwaka 1838 alichora mandhari ya jiji la Cairo litakavyokuwa, na mchoro huo ukachapwa. Huo ni mchoro wa kupendeza, wa mkono wa bingwa, na kichwa chake kilisema wazi kwamba ni mandhari ya wakati ujao. Lakini picha ya kitu kinachotarajiwa ikitundikwa katika ofisi ya benki, mbele ya mtu ambaye hajavuka bahari, hufanya kazi ileile inayofanywa na picha ya kitu kilichopo. Benki ya John Wright and Company ya London, ambayo ilikuwa pia wakala wa hati fungani za jimbo lenyewe la Illinois, ndiyo iliyouza hati za Cairo, na thamani yake ilizidi dola milioni 1. Mnunuzi wa London hakuambiwa uvumi. Alionyeshwa sheria ya bunge iliyoitaja Cairo kwa jina, kibali chenye muhuri, ripoti za wahandisi na jina la benki yenye heshima, na kila karatasi kati ya hizo ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni fedha ya kuijenga reli, na fedha hiyo ilitegemewa ipatikane kwa kuuza hati nyingine kwa watu walewale.

Fedha za London zilijenga matuta, karakana, viwanda vya kupasulia mbao na nyumba za wafanyakazi, na kwa miezi kadhaa Cairo ilikuwa na shughuli nyingi. Mwishoni mwa mwaka 1840 benki ya Wright ilifilisika, jimbo likasimamisha kazi ya reli, na kampuni ikashindwa kulipa. Kwa kuwa hakuna mkazi aliyemiliki kiwanja chake, hakukuwa na sababu ya mtu kubaki. Watu walipanda meli za mvuke na kuondoka, na sensa ya mwaka 1850 ilikuta watu 242 tu. Charles Dickens alipita hapo kwa meli Aprili 1842, akaona nyumba ambazo hazijamalizika zikioza katika kinamasi, na katika kitabu chake cha safari hiyo alikumbusha kwamba ni mahali hapohapo palipokuwa pakisifiwa Uingereza kuwa mgodi wa dhahabu. Mji wa Eden, ambao kijana katika riwaya yake Martin Chuzzlewit anauziwa kiwanja kwa kuonyeshwa ramani iliyojaa mabenki na makanisa, kwa kawaida husemwa kuwa umetokana na Cairo. Dickens alieleza vizuri maumivu ya mnunuzi na hila ya dalali. Ila katika riwaya dalali ni tapeli mtupu, na jambo hilo humfariji msomaji isivyostahili, kwani humfanya aamini kwamba angemtambua. Katika Cairo halisi hakukuhitajika tapeli mtupu ili fedha za watu zipotee.

Holbrook mwenyewe hakukata tamaa. Alipata kibali kingine cha reli mwaka 1843, na Seneta Stephen Douglas alipokuwa akitafuta msaada wa serikali kuu kwa ajili ya reli ya kati, ilimlazimu kwanza kuhakikisha kwamba kampuni ya Holbrook inaachia haki zake. Sheria iliyopitishwa Septemba 1850 iliipa Illinois takriban ekari milioni 2.6 za ardhi ya umma kwa ajili ya reli hiyo, jimbo likazikabidhi mwaka 1851 kwa kampuni mpya ya Illinois Central, na kufikia Septemba 1856 njia yote ya maili 705 ilikuwa imekamilika, ndefu kuliko reli nyingine yoyote duniani wakati huo.

Safari hii reli ilikuwa ya kweli, na hapo ndipo inapoonekana waziwazi faida ilikokwenda. Kampuni ilizuiwa na kibali chake kuanzisha miji kando ya reli, hivyo baadhi ya watu wa ndani yake waliunda kikundi cha pembeni, wakanunua ardhi mahali ambapo vituo vingewekwa, na kupima miji 33 kwa ramani moja, mitaa ikiitwa kwa majina yaleyale toka mji mmoja hadi mwingine. Hawakuhitaji uvumi kwa kuwa wao ndio waliojua. Urbana, mji uliokuwa na mahakama na wakazi wake, ulipitwa na reli kwa takriban maili mbili upande wa magharibi, na mji mpya ukaota kando ya kituo, ambao ndio Champaign ya leo. Waliokuwa wamenunua viwanja Urbana kwa kuingojea reli hawakukosea kuhusu reli. Walikosea maili mbili. Ni haki kuongeza kwamba Illinois Central ilipoanza kuuza ekari zake kwa wakulima, ikituma mawakala hadi nchi za Skandinavia, iliuza ardhi ambayo garimoshi lilikuwa tayari likipita mbele yake, na wengi waliotoka Ulaya kwa mwito huo walipata mashamba mema.

Cairo nayo ilipata reli yake, na viwanja vikauzwa tena kwa matumaini mapya. Juni 1858 tuta lilikatika, maji yakaufunika mji. Ulijengwa upya, ukawa kituo kikubwa cha jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ukafikisha watu zaidi ya 15,000 mwaka 1920, kisha kwa jumla ukapungua katika miongo iliyofuata hadi kubaki na 1,733 katika sensa ya mwaka 2020.

Miongoni mwa Waingereza waliovutwa na Illinois Central alikuwamo Richard Cobden, mwanasiasa aliyeongoza vita vya kufuta kodi za nafaka zilizotoka nje na mtu aliyeheshimiwa kwa ukali wa hesabu zake. Aliweka sehemu kubwa ya mali yake katika hisa za kampuni hiyo, ambazo ziliuzwa kwa malipo ya sehemu tu, kampuni ikiwa na haki ya kuwadai wenye hisa kilichobaki wakati wowote ilipohitaji fedha. Mtikisiko wa mwaka 1857 ulipokuja, bei ya hisa ilianguka na madai ya malipo yakaanza kufika. Mwaka 1859 Cobden alivuka bahari kwenda kujionea, akasafiri juu ya reli yenyewe, akapita katika nyanda za udongo mweusi wenye rutuba kuliko aliowahi kuuona, na akarudi akiwa na hakika kwamba njia ile ina mustakabali mzuri. Hakika hiyo haikuwa na makosa, kwani kampuni iliendelea kulipa gawio kwa miongo mingi baada ya kifo chake mwaka 1865. Lakini madai ya malipo yalikuwa yakimfikia yeye, katika miaka yake, na ilibidi marafiki zake wachange fedha ili asifilisike.